Milango ya Kushoto, Milango ya Kulia

Juzi nilisimama kwenye taa nyekundu katika Barabara ya Lawrence hapa Toronto, natoka kazini, likaja gari jeusi likasimama upande wangu wa kulia. Lilikuwa refu na pana, la miaka ya nyuma kidogo, na chumvi wanayomwaga barabarani kila majira ya baridi ilikuwa imeshaanza kulila juu ya magurudumu. Dereva alikuwa kijana, anatafuna kitu, hana habari na mimi. Macho yangu yalikwenda moja kwa moja mlangoni. Niliangalia ule mwanya mwembamba kati ya mlango na bodi, kama umenyooka kutoka juu hadi chini au umepinda. Ulikuwa umenyooka. Taa ikageuka kijani, mtu wa nyuma akanipigia honi, ndipo nikakumbuka kwamba watu wengine hawaangalii magari namna hiyo.

Mimi nimelelewa hivyo. Baba yangu alifunga milango ya magari kama lile kule Brampton, katika kiwanda cha kampuni moja ya Kimarekani. Sitaitaja jina. Hata leo ukiitaja nyumbani kwetu, watu wanashusha sauti kwanza, halafu wanaangalia nani yupo sebuleni.

Tulikaa Lawrence Heights, katika zile nyumba za matofali za ghorofa chache ambazo sasa wanazibomoa safu moja baada ya nyingine. Ukuta wa jikoni kwetu ndio uliokuwa ukuta wa jikoni kwa jirani. Jirani alikuwa Mkenya wa Nakuru, mrefu, mwenye kicheko kinachoanza puani. Mkewe alipika chapati kila Jumamosi, na ile harufu ya unga ukiungua kidogo kwenye kikaango ilipenya ukutani hata mama akiwa ameshabandika maharage yake ya nazi. Binti yao alikuwa darasa moja na mimi. Tuliruka kamba pamoja, tukagombana, tukapatana, yote kwa Kiingereza. Kiswahili cha wazazi wetu tulikielewa chote, ila kilipofika mdomoni kiligoma kutoka.

Baba na jirani waliajiriwa kiwandani karibu wakati mmoja, jirani akiwa ametangulia kidogo, na wakapangwa kituo kimoja. Baba aliwahi kunionyesha kwa kutumia kiberiti mezani. Gari linakuja polepole likiwa halina viti wala vioo. Baba yuko upande wa kushoto, jirani upande wa kulia. Kila mmoja analeta mlango wake, anauegemeza begani, anautia mahali pake, anakaza bolti, gari linapita, linakuja lingine. Kwa sababu gari lilikuwa tupu, waliweza kuonana kupitia ndani yake kutwa nzima.

"Sura ya yule Mkenya naijua kuliko yangu," baba alisema.

Asubuhi, kabla hapajapambazuka vizuri, jirani aligonga ule ukuta wa jikoni kwa kijiko. Baba alimeza chai iliyobaki, akachukua mkoba wake, na mimi kama nilikuwa macho nilitoka na viatu vya theluji juu ya nguo za kulalia nikawasaidia kukwangua barafu kwenye kioo. Walitumia gari la jirani. Baba wakati huo alikuwa na gari dogo la Kijapani, na pale kiwandani magari ya Kijapani, ya washindani wao, yaliegeshwa mbali kabisa, karibu na uzio. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini aliyeegesha karibu na mlango alikuta gari lake lina mkwaruzo. Kwa hiyo hata sisi watoto tulijifunza kumpima mtu kwa gari lake. Mwalimu wangu wa darasa la nne alikuwa mama mpole mno, lakini baba alipomwona anashuka kwenye gari la Kijapani siku ya kuwaona wazazi, alinong'ona, "Huyu angalia asije akakufundisha hesabu za upande mwingine." Alikuwa anatania. Nadhani alikuwa anatania.

Halafu akaja bibi.

Bibi, mama yake baba, alitoka Morogoro kuja kumsaidia mama alipojifungua mdogo wangu, akakaa miaka. Hakuamini kitu. Samaki wa dukani, aliyekatwa kichwa na kufungwa kwenye nailoni, alimwangalia kwa muda mrefu, akasema kuna mtu hataki tujue samaki huyu alikufa lini. Ngazi zinazotembea pale kituo cha treni alizipanda amemshika baba mkono, akisoma dua. Jirani alipomwita "Shosho", neno la heshima kwao kwa bibi, aliuliza mara baada ya kufunga mlango: "Shosho ndiyo nini? Ameniita nini yule?" Tulimweleza. Akasema, "Haya," kwa namna ambayo ulijua hajakubali.

Na hiyo kampuni hakuiamini tangu siku ya kwanza. Wakati ule ilikuwa imeungana na kampuni ya Wajerumani, na baba alipenda kueleza habari hiyo mezani, kwamba ni ndoa ya wakubwa kwa wakubwa, kwamba sasa Wamarekani watapata ufundi na Wajerumani watapata soko.

"Wanakaa pamoja?" bibi aliuliza.

"Hapana mama, hawa wako Ujerumani, wale Marekani."

"Na wewe uko Kanada."

"Ndiyo."

"Sasa hiyo ni ndoa gani?" bibi alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Kuna mwaka mmoja, kiangazi, kiwanda kilifungua milango kwa familia. Tulikwenda wote, sisi na kina jirani, tumevaa kama tunakwenda Idi. Walitugawia soseji na maputo. Mimi na rafiki yangu tulikimbia kwenye ile njia ya magari, tukaona mahali baba zetu wanaposimama, mmoja huku, mmoja kule, na kwenye sakafu palikuwa pamechakaa kidogo kwa sababu ya viatu vyao. Nilijisikia kama mtoto wa mtu mkubwa.

Bibi yeye hakula soseji. Alisimama karibu na nguzo moja, akaigusa kwa kidole, akakinusa kile kidole. Nguzo zilikuwa za njano, zinang'aa. Kuta zilikuwa nyeupe. Tulipokuwa ndani ya gari la jirani tunarudi, alisema:

"Wanapaka rangi."

"Kiwanda kizuri, mama," baba alijibu.

"Na sisi kiwanda chetu cha nguo kule Morogoro kilikuwa kizuri. Kwa miaka mingi hawakupaka hata mlango wa choo. Siku moja wakaja na makopo ya rangi. Baada ya rangi wakaja watu wenye suti, wanaangalia mashine, hawasalimii. Tulipokuja kujua, kimeshauzwa. Wakipaka rangi, mwanangu, wanauza."

Baba alicheka. Jirani aliyekuwa anaendesha alicheka zaidi. "Shosho, hiyo ni ya wageni tu, wamesafisha nyumba!"

Haukupita muda mrefu, Wajerumani wakaondoka. Tuliona kwenye taarifa ya habari. Waliiuza ile kampuni kwa watu wa fedha wa New York, ambao baba alisema hawajawahi kutengeneza hata baiskeli. Baba alizima televisheni, akabaki amekaa na rimoti mkononi. Bibi hakusema "niliwaambia". Alinyanyuka akaenda kuweka maji ya chai. Tangu siku hiyo, neno lake nyumbani likawa na uzito mpya. Baba, ambaye zamani alimbishia kwa utani, alianza kumhadithia mambo ya kiwandani jioni, sauti chini, kama mtu anayemwendea mganga.

Basi ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Ukaja ule mwaka uchumi ulipoanguka. Watu waliacha kununua magari makubwa. Eneo la nyuma ya kiwanda lilijaa magari mapya yasiyo na mwenye kuyataka, yamefunikwa theluji, na baba alisema kuyaona kunamuumiza kama kuona chakula kinatupwa. Wakaondoa shifti moja. Wiki nyingine kiwanda kilifungwa kabisa, wiki nyingine kikafunguliwa. Ikasemekana kampuni itakufa. Halafu ikasemekana serikali ya Marekani na ya Kanada zitaiokoa, ila kwa masharti, na hakuna aliyejua masharti yanamhusu nani. Kila mtu alijua jambo moja tu: aliyeajiriwa mwisho ndiye wa kwanza kutoka, na mtu mwenye ubovu wowote mwilini asiuonyeshe.

Baba alikuwa na ubovu. Bega lake la kulia, lile la kuegemezea mlango, lilikuwa limeanza kumsaliti. Mama alilikanda kwa mafuta ya moto jikoni, na nyumba nzima ilinuka karafuu. Asubuhi alivaa shati kwa kuanza na mkono mbovu, polepole, akiuma meno. Kiwandani hakuna aliyejua ila mtu mmoja, kwa sababu huwezi kumficha mtu anayekutazama kutwa nzima kupitia gari tupu. Jirani alijua. Mara nyingine, baba alituambia, Mkenya alikuwa anamaliza mlango wake haraka, anazunguka, anamshikia wa kwake.

Siku moja msimamizi alipita kwenye kituo chao. Hakuwa na kawaida ya kusimama. Akasimama, akamuuliza baba, "Bega linaendeleaje?"

Baba alisema, "Bega gani?" Msimamizi akatabasamu, akaenda zake.

Nakumbuka baba alivyoingia nyumbani siku ile. Hakuvua koti. Alikaa mezani nalo, akamsimulia bibi, na mama akasimama mlangoni na mwiko.

"Nani anajua?" bibi aliuliza.

"Sisi. Na yeye."

"Yeye naye siku hizi yukoje?"

Baba akafikiri. Kisha akaanza kutoa vitu kimoja kimoja, na nilivyoviona vinatoka nilijua vilikuwa vimeshamkaa moyoni muda. Kwamba siku nyingine jirani hali chakula cha mchana na wenzake. Kwamba ameonekana anapanda ngazi za ofisini. Kwamba siku hizo anavua shati la kazi, anavaa safi. Kwamba alipoulizwa alikuwa wapi, alisema msalani.

"Mtu anayekwenda msalani anabadilisha shati?" bibi aliuliza.

Bibi alikuwa amepatia kuhusu ile rangi ya kiwandani, na sisi wote pale tulifikiri kitu kilekile.

Asubuhi iliyofuata kijiko kiligonga ukuta, na baba hakujibu. Alikuwa ameshatoka kwa lile gari letu dogo la Kijapani. Jirani aligonga tena, halafu akaja mlangoni, theluji kwenye kofia. Mama alimwambia kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo, "Ametangulia, shemeji."

"Ametangulia? Anaumwa?"

"Hapana, haumwi," mama alisema haraka mno, akafunga.

Sasa hebu fikiria hilo. Watu wawili hawasalimiani, na wamesimama kutwa nzima wanatazamana kupitia kila gari linalopita. Baba alisema alijifunza kutazama bolti tu. Jirani hakuzunguka tena kumshikia mlango, au alizunguka baba akamwambia asijisumbue, hilo sikuwahi kulijua sawasawa. Nyumbani nasi tuliagizwa. Redio ya jikoni ilifunguliwa ili tukiongea wasisikie ng'ambo ya ukuta. Mama aliporudishiwa bakuli lake likiwa na chapati ndani, kama ilivyokuwa desturi kati yao, alizipokea kwa shukrani, na bibi akazikunjua moja moja kabla hatujala. Sijui alitegemea kukuta nini. Na mimi niliambiwa nisimweleze rafiki yangu habari yoyote ya baba. Nilipomwona shuleni sikuwa na la kumwambia, maana nusu ya mazungumzo yetu ilikuwa baba zetu. Yeye naye akawa mkimya. Nikamwangalia kwa jicho la bibi, nikajiwazia: huyu ametumwa asiseme nini?

Haukupita mwezi, habari mbili zikaja kwa pamoja. Jirani alikuwa ameacha kazi. Kampuni ilikuwa inawapa wafanyakazi wa muda mrefu kidogo ofa ya fedha ili waondoke kwa hiari, naye alikuwa ameikubali, akanunua lori, akahamishia familia yake Brampton, kwenye nyumba mpya kule ambako miti bado ni fimbo. Na baba aliondolewa kwenye milango. Walimpeleka mwisho wa laini, ile njia ya magari, kufunga taa za nyuma, kazi ambayo baba aliiita ya wazee na wagonjwa. Alirudi amevunjika moyo. Aliamini wameshamwandikia kwamba ni mbovu, wanangoja siku tu.

"Amekuuza, akaondoka na bei yake," bibi alisema.

Siku waliyohama, kina jirani walipakia vitu wakati sisi tuko ndani. Rafiki yangu alisimama kwenye ngazi zao akiwa amekumbatia feni. Nilimwona dirishani. Alinyanyua mkono. Nami nikanyanyua, lakini pazia lilikuwa limeshashuka nusu, sijui kama aliuona.

Kampuni haikufa. Ilipita mahakamani kama mufilisi, ikaokolewa, wakaja Waitaliano, kukawa na nembo mpya na mabango mapya, na baba aliangalia kila bango kama mtu anayeangalia noti bandia. Alingoja kufukuzwa mwaka ule, na mwaka uliofuata. Hakufukuzwa. Watu wa milangoni, waliokuwa na mabega mazima wakati ule, walianza kutoka mmoja mmoja, huyu mgongo, huyu mkono. Baba aliendelea na taa zake mpaka alipostaafu, bega likiwa limepona kiasi cha kumbeba mjukuu. Hatukulizungumza hilo nyumbani.

Bibi alirudi Morogoro, na huko ndiko alikofariki. Tulifanya kisomo hapa Toronto, katika ukumbi wa jumuiya, tukaandaa pilau. Watu walijaa. Katikati ya dua niliinua macho, nikamwona jirani amekaa nyuma kabisa sakafuni, viatu amevua, miguu mirefu haijui pa kwenda. Yeye ni Mkristo, hakujua ainue mikono wakati gani, alikuwa anawaangalia wenzake na kuwafuata. Mkewe alikuwa upande wa wanawake, na binti yao pamoja naye.

Baada ya chakula baba alitoka nje kwenye maegesho, jirani akamfuata, nami nilikuwa pale pale napakia masufuria kwenye buti.

"Pole sana, Mtanzania," jirani alisema. "Shosho alikuwa mkali, lakini alikuwa mtu."

"Nashukuru kwa kuja."

Walisimama. Baba alikuwa mtu wa kuzunguka kwa maneno, lakini siku ile hakuzunguka. "Ni wewe uliyewaambia habari ya bega langu?"

Nilidhani atakataa. Jirani alisema, "Ni mimi, ndio."

"Kwa nini?"

"Walikuwa wananiita kwa ile mambo ya ofa. Nikawaambia nitatia sahihi, lakini huyo wa upande wa pili mumtoe kwa milango, mumpeleke kwa taa. Wakauliza kwa nini. Ningesema nini? Nikasema bega."

Upepo ulikuwa unapeperusha sahani za karatasi kutoka kwenye pipa.

"Ulikuwa unanionea huruma?"

"Nilikuwa naogopa," jirani alisema. "Ule mlango ungekuponyoka siku moja. Ungekuangukia wewe, ama ungeniangukia mimi nikija kukusaidia. Na pia nilikuwa nimechoka na ile laini. Sitakudanganya ati nilitoka kwa ajili yako."

"Kwa nini hukuniambia?"

Jirani alicheka kile kicheko cha puani, lakini kidogo tu. "Wakati ule? Ungeniamini?"

Baba alimshika mkono, akaushikilia, akamsindikiza hadi kwenye gari lake. Tulipokuwa tunarudi nyumbani, mama alimuuliza kama anadhani ni kweli. Baba aliangalia nje, tulikuwa tunapita Lawrence Heights ambapo safu yetu ilikuwa imeshakuwa shimo lenye uzio na mashine.

"Sijui," alisema. "Lakini nisingemwamini. Hapo amesema kweli."

Nyumba ile haipo, ukuta ule haupo, na ile shifti ya wanaume wanaokwenda pamoja gizani wakicheka kwenye gari moja imekwisha, kila mtu ana gari lake na mashaka yake. Ile kampuni imebadilisha wenyewe tena na tena, na kila wenyewe wapya wanaapa kwamba safari hii ni ya kudumu.

Siku ile ya kisomo, mimi na binti wa jirani tulisimama kando ya sinki tukiosha vikombe. Tulijaribu Kiswahili, tukacheka, tukarudi kwenye Kiingereza. Tulipeana namba za simu. Yake ninayo mpaka sasa. Mara kwa mara nalitazama jina lake kwenye simu, nafikiri nimpigie, halafu najiuliza atadhani nataka nini. Na yeye, kama namjua, anajiuliza hivyo hivyo kuhusu mimi.